Kuivunja 2^67 − 1 kwa simu na kaunta buku: shajara ya mradi

Naandika hatua kwa hatua ili mwenye simu ya kawaida tu, bila kompyuta, aweze kufuata au kurudia kazi yote nyumbani. Hatua ikiisha naongeza hapa. Palipoenda vizuri napita haraka, palipokwama naeleza kwa urefu maana ndo panapomla mtu muda.

Jumapili 5 Januari 2025: namba yenyewe

Namba ni 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21. Ni 2 kwa kipeo cha 67 alafu unatoa 1.

Nimeichagua hii kwa sababu ya historia yake. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo alidai 2^p − 1 inakuwa namba tasa, orodha inafika hadi 257, na 67 imo. Ilikaa hivyo zaidi ya miaka 200 mpaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha kwamba hii ya 67 sio tasa, ila hakutoa hata kigawo kimoja. Yani alijua kwa uhakika inagawanyika lakini inagawanyika kwa ngapi hakujua. Hilo jambo lilinikaa kichwani muda mrefu sana, mtu anawezaje kujua kitu kinavunjika bila kukivunja? Vigawo vyenyewe vilikuja kutoka tarehe 31 Oktoba 1903, Frank Nelson Cole alisimama kwenye mkutano wa chama cha wanahesabu cha Marekani, na inasimuliwa kwamba hakusema neno, aliandika 2^67 − 1 ubaoni akaikokotoa, upande wa pili akazidisha namba mbili kwa mkono, majibu yakalingana, akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Mwanahesabu E. T. Bell alisimulia baadae kwamba alimuuliza Cole kazi ilimchukua muda gani, akajibiwa Jumapili za miaka mitatu.

Kwahiyo na mi nafanya Jumapili. Niko na mpwa wangu, yupo form two, anapenda hesabu kuliko mi nilivyokuwa umri wake. Swali lake la kwanza lilikuwa zuri, "Mjomba, si majibu yapo tayari, sasa tunatafuta nini?" Nikamwambia tunatafuta njia ya kufika. Vigawo vya Cole nimeviandika kwenye kikaratasi nikakikunja nikaweka ndani ya kava la simu, hatukifungui mpaka tumefika wenyewe.

Kosa la kwanza limetokea leo leo, na lilitupotezea saa nzima. Kalkuleta ya simu ilitoa 1.475739526E20, haisaidii. Nikafungua programu ya majedwali ikatoa 147573952589676000000, dogo akainakili kwenye daftari tukaanza kuigawa. Ikagawanyika kwa 2. Ikagawanyika kwa 5. Tukafurahi kidogo, alafu dogo akasema mjomba si ulisema 2 kwa kipeo ukitoa 1 lazima iwe witiri? Kweli kabisa. Programu za aina hiyo zinashika tarakimu 15 za mwanzo tu, zinazobaki zinajazwa sifuri bila kukuambia chochote. Namba tuliyokuwa tunaigawa sio yetu kabisa.

Dawa yake tumekokotoa kwa mkono. 2^64 ni 18,446,744,073,709,551,616, zidisha kwa 8 toa 1, umemaliza. Usianze na kalkuleta, utajenga juu ya mchanga.

Gharama ya leo: kaunta buku ya kwaya 2 sh. 3,500, kalamu mbili sh. 600, bando sh. 2,000 la kushusha programu ya Python (lugha ya kuandikia programu) kwenye simu.

Jumapili 12 Januari: programu inasema 3, tarakimu zinakataa

Sikukuu ya Mapinduzi, umeme upo siku nzima, simu ipo kwenye chaji.

Python inashika namba nzima za urefu wowote bila kukata, kwahiyo N = 2**67 - 1 (kwenye Python alama ** ndo kipeo) inatoka sawasawa na ya daftarini. Nikaandika lupu ya kawaida, anza na 3, ruka mbili mbili, ukikuta inagawanyika simama. Haikuchukua hata sekunde. Ikasema 3.

Dogo alishaanza kuandika jibu. Lakini kujua namba inagawanyika kwa 3 tunafundishwa tangu msingi, unajumlisha tarakimu. Tukajumlisha 1+4+7+5+7+3 na kuendelea hadi mwisho, jumla 109. 109 ukigawa kwa 3 inabaki 1. Kwahiyo 3 sio kigawo, na sisi tuna programu inayosema ndio na vidole vinavyosema hapana. Niliamini vidole.

Kosa lilikuwa hapa: niliandika kama N / d ni sawa na int(N / d) basi inagawanyika. Ile alama moja ya / inatoa jibu la desimali, na desimali za kompyuta zinashika tarakimu kama 16 tu. N ukiigawa kwa 3 unapata namba ya tarakimu 20, hakuna nafasi iliyobaki ya kuandika kilichopo nyuma ya nukta, kwahiyo kila jibu linaonekana namba nzima. Maana yake kwa mtihani ule 3 inakubali, 5 inakubali, 7 inakubali, kila kitu hadi d ipite 32,000 na kitu. Bila kujumlisha tarakimu ningekubali hilo jibu la 3.

Andika N % d == 0, yani uliza baki, usiulize jibu la kugawa. Ukibadilisha mstari huo mmoja programu inakuwa ya kweli. Niliianzisha tena ikaanza kusaga, nikaizima kwa makusudi, sitaki jibu kwa njia ya kusukuma kwa nguvu, sio leo.

Jumapili 19 Januari: je, ni tasa? Msingi wa 2 unadanganya

Leo nilitaka kufika pale alipofika Lucas, yani kujua haina utasa bila kujua vigawo.

Njia rahisi ni ya Fermat, mwanahesabu wa zamani. Kama N ni tasa basi namba yoyote a isiyogawanyika kwa N, ukiipandisha kwa kipeo cha N − 1 alafu ukagawa kwa N, inabaki 1. Ikibaki kingine basi N sio tasa, kesi imeisha. Python inafanya kwa mstari mmoja, pow(2, N-1, N). Ikatoa 1.

Nilikaa kimya kama dakika tano hivi. Lucas alisema sio tasa, Cole aliivunja mbele za watu, na simu yangu inasema inaweza kuwa tasa. Nikarudia kuandika N upya nikidhani nimekosea. Ikatoa 1 tena.

Jioni ndo nikaelewa, na hii naomba uisome taratibu kwa sababu itarudi tena mbele. N yetu imetengenezwa na 2. Kwa kuwa N = 2^67 − 1, basi 2^67 ukiigawa kwa N inabaki 1, hiyo ni kwa kuumbwa kwake. Na N − 1 ni 2^67 − 2, ambayo inagawanyika kwa 67 (Fermat huyohuyo, kwa sababu 67 ni tasa). Kwahiyo 2 kwa kipeo cha N − 1 ni 2^67 ikipandishwa tena na tena, 1 mara 1 mara 1, lazima ibaki 1, N iwe tasa isiwe tasa. Kumuuliza 2 kuhusu namba hii ni kama kumuuliza mama mzazi kama mwanae kaiba, hatasema. Nikabadilisha nikaandika pow(3, N-1, N) ikatoa limamba la tarakimu nyingi ambalo sio 1. Basi, sio tasa.

Alafu nikajaribu njia yenyewe ya Lucas katika umbo alilolinyoosha mwanahesabu D. H. Lehmer mwaka 1930. Unaanza na 4, unaizidisha yenyewe, unatoa 2, unachukua baki kwa N, unarudia. Ukifika mara p − 2 (p ni kile kipeo, kwetu 67) ikiwa 0 basi ni tasa, isipokuwa 0 basi sio. Hapa tena tukakosea. Mi niliandika lupu ya mara p, nikasema ngoja nipime na namba ninayoijua kwanza, 2^7 − 1 = 127, kila mtu anajua 127 ni tasa. Programu ikasema 127 sio tasa.

Tukafanya kwa mkono kwenye daftari: 4, alafu 14, alafu 194 ambayo baki yake kwa 127 ni 67, alafu 67 × 67 − 2 = 4487 inabaki 42, alafu 42 × 42 − 2 = 1762 inabaki 111, alafu 111 × 111 − 2 = 12319, ambayo ni 127 × 97 kamili, baki 0. Hesabu hatua baada ya ile 4 ya kwanza, ni tano, 7 − 2. Ukipiga hatua moja zaidi 0 inakuwa −2, yani 125, na dalili imepotea. Lupu yangu ilikuwa inapita kituo. Nikaweka p − 2, 127 ikatoa 0, 2^61 − 1 ikatoa 0 (hii ni tasa kweli, Mrusi Pervushin alithibitisha 1883, na kwenye orodha ya Mersenne haimo), na 2^67 − 1 baada ya hatua 65 haikutoa 0.

Kwahiyo saivi tupo 1876. Tunajua inavunjika.

Gharama: hakuna, bando lilelile.

Jumapili 26 Januari: tofauti ya vipeo viwili, nimeiacha

Fupi tu. Kuna njia ya zamani ya kutafuta x na y ambapo x² − y² = N, vigawo vinakuwa x − y na x + y. Unaanzia kwenye kipeuo cha pili cha N ambacho ni kama 12,148,002,000 unapanda moja moja. Inafaa vigawo vikiwa vinakaribiana ukubwa. Niliiacha simu usiku kucha ikafanya hatua bilioni kadhaa, asubuhi ya moto nyuma huwezi kushika, betri imeanza kuvimba kidogo kwenye kona, jibu hakuna. Nimeiacha. Baadae nitakapojua vigawo ntarudi kuandika hapa ingehitaji hatua ngapi.

(Nimerudi, tarehe 9 Februari: zaidi ya bilioni 368. Kwa hatua milioni moja kwa sekunde ni siku 4 na robo mfululizo. Usijaribu kwenye simu.)

Gharama: betri mpya sh. 15,000. Hii ndo iliyouma kuliko zote.

Jumapili 2 Februari: 134k + 1

Leo ndo siku ya mradi kwa upande wangu. Kama utasoma sehemu moja tu ya shajara hii soma hii.

Chukua kigawo tasa chochote cha N, kiite d. Kwa kuwa d inaigawa 2^67 − 1, basi 2^67 inabaki 1 ukigawa kwa d. Sasa fikiria unazidisha 2 kwa 2 kwa 2 ukichukua baki kwa d kila mara, mabaki yatazunguka kama saa na kurudi kwenye 1. Urefu wa mzunguko lazima ugawanye 67. Lakini 67 ni tasa, kwahiyo mzunguko ni wa 1 au wa 67, na wa 1 hauwezekani kwa sababu maana yake 2 na 1 ni sawasawa. Basi ni 67. Na Fermat anasema mzunguko wowote kwa d tasa lazima ugawanye d − 1. Kwahiyo 67 inaigawa d − 1. Na d ni witiri, d − 1 ni shufwa, basi 134 inaigawa d − 1. Kila kigawo tasa cha hii namba, kiwe kikubwa kiwe kidogo, ni lazima kiwe 134 mara kitu (hicho kitu nakiita k), jumlisha 1.

Nilimweleza dogo mara tatu, mara ya tatu kwa kuchora saa yenye alama 67, akakaa akasema "kumbe sio zote zina ruhusa ya kuingia". Ndo hivo hasa.

Kuna geti la pili: vigawo vya 2^p − 1, p ikiwa witiri, ukivigawa kwa 8 lazima vibaki 1 au 7. Hapa inamaanisha k ukiigawa kwa 4 ibaki 0 au 1. Nusu ya waliobaki wanarudi nyumbani.

Ona inavyochuja. k = 1 inatoa 135, inaishia na 5. k = 4 ni 537, ni 3 × 179. k = 5 ni 671, ni 11 × 61. k = 8 ni 1073, ni 29 × 37. k = 9 ni 1207, ni 17 × 71. Mgombea wa kwanza ambaye ni tasa kweli ni k = 12, yani 1609. Kutoka 2 hadi 1609 tumebakiza mmoja tu wa kupima. Niliandika hiyo 1609 kwa kalamu nyekundu.

Programu nimeiandika mistari sita, k ikibaki 0 au 1 kwa 4, pima kama N % (134*k + 1) ni 0. Nikabonyeza, kabla sijaweka simu chini ikawa imesimama:

k = 1,445,580, d = 193,707,721.

Tukagawa: 761,838,257,287. Dogo akatoa kikaratasi kwenye kava mwenyewe akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, mi nafuatisha kwenye skrini. Zote.

Kulinganisha nikaiachia ile lupu ya tarehe 12 iliyorekebishwa, ya witiri wote kuanzia 3, ikafika ikiwa imetumia dakika 1 na sekunde 48. Hiyo ni migawanyo milioni 96 na laki kadhaa. Ya 134k + 1 ilipima wagombea 722,790 tu, sekunde moja hivi. Kwenye simu tofauti hiyo unaweza kuidharau. Ila fikiria ni 1903 na una kalamu: hata hao 722,790 ukimpa kila mmoja dakika 5 bila kulala wala kula ni karibu miaka 7. Kwahiyo Cole hakupita mlango huu peke yake, alichuja zaidi kwa kutumia mabaki yanayopatikana ukizidisha namba yenyewe kwa yenyewe alafu ukagawa kwa N, mpaka wagombea wakabaki wachache, na hata hivo ikamla miaka mitatu ya Jumapili. Nikiwaza hilo nashindwa kuendelea kuandika kwa dakika moja. Mtu mmoja, taa, karatasi, na hana uhakika kama kigawo kipo karibu au kipo mbali.

Jumapili 9 Februari: kuzidisha kwa mkono, na sifuri iliyoniponyoka

Sikutaka kuamini simu peke yake. Leo tumefungua kurasa mbili za kaunta buku, 761,838,257,287 juu, 193,707,721 chini, tukazidisha kama shuleni. Ujanja ni kuandaa kwanza jedwali pembeni: mara 2 ni 1,523,676,514,574, mara 3 ni 2,285,514,771,861, mara 7 ni 5,332,867,801,009, mara 9 ni 6,856,544,315,583. Hizo nne na namba yenyewe zinatosha kwa mistari yote.

Nimemaliza saa nzima na nusu. Nikapima kwa kutoa tisa, kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa darasa la saba. Tarakimu za 193,707,721 jumla 37, 3 na 7 ni 10, inabaki 1. Za 761,838,257,287 jumla 64, inabaki 1. 1 mara 1 ni 1, kwahiyo zao lazima libaki 1. Zao langu tarakimu zake jumla 100, inabaki 1. Nimefaulu, nikaanza kufunga daftari.

Zao langu lilikuwa 14,762,689,196,833,702,927.

Linaanza na 147 kama inavyotakiwa. Linaishia na 2927 kama inavyotakiwa. Kipimo cha tisa limepita. Na ni kosa. Dogo alihesabu tarakimu akakuta 20, akarudia, 20. Akachukua kalamu akapita mstari kwa mstari kuanzia chini, akafika wa tano akasema, "Mjomba, hii sifuri umeiruka."

Ile 0 iliyopo katikati ya 193,707,721. Mstari wake ni sifuri tupu kwahiyo sikuuandika, sawa, lakini mstari uliofuata sikuusogeza nafasi mbili, niliusogeza moja. Kwa hiyo kiukweli nilizidisha kwa 19,377,721. Na kutoa tisa hakuwezi kuona kosa hilo hata ukirudia mara mia, sababu sifuri haiongezi kitu kwenye jumla ya tarakimu, 37 ni 37 iwe na sifuri au isiwe nayo. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa sawa sababu zinatokana na mistari iliyopo kabla ya sifuri.

Kipimo kinachokamata ni cha kumi na moja. Unaanza kulia unajumlisha na kutoa kwa zamu. 193,707,721: 1 − 2 + 7 − 7 + 0 − 7 + 3 − 9 + 1 = −13, ongeza 22 unapata 9. 761,838,257,287 inatoa 8. 9 × 8 = 72, baki kwa 11 ni 6. Zao langu bovu lilitoa 22, baki 0. Limekamatwa. Namba ya kweli inatoa 17, baki 6, sawasawa.

Mstari wa sifuri sasa tunauandika wote, sifuri 12 zikiwa zimepangwa, hata kama ni kupoteza wino. Mara ya pili ikatoka 147,573,952,589,676,412,927 na dogo ndo aliandika tarakimu ya mwisho.

Jumapili 23 Februari: njia ya p − 1, kosa la Januari limerudi

Wiki iliyopita nilikuwa safarini. Leo nilitaka njia ya John Pollard ya mwaka 1974, ambayo inafaa kwa namba usizojua umbo la vigawo vyake.

Wazo: kama d − 1 imeundwa na tasa ndogo ndogo tu, basi ukichukua a ukaipandisha kwa kipeo cha 2, alafu 3, alafu 4, hadi kikomo B, lazima ufike mahali baki kwa d inakuwa 1. Ukitoa 1 na kutafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na N, d anadondoka mwenyewe.

Nikaweka a = 2 kama karibu kila maelezo yanavyoanza. KKS ikatoa N nzima. Nikapunguza B, N nzima. Nikapunguza hadi 100, N nzima. Hapo nikakumbuka tarehe 19 Januari. Lupu ikifika 67 tu, 2 inakuwa imepandishwa kwa kitu chenye 67 ndani, baki ni 1 kwa N yote kwa pamoja, kwa vigawo vyote viwili kwa wakati mmoja, na ukitoa 1 unapata 0. KKS ya 0 na N ni N. Mama huyohuyo, nilimuuliza tena.

Nikaweka a = 3 na B = 10,000. Ikatoa tena N nzima! Hapa nilichoka kweli, nikatoka nje. Niliporudi tukavunja d − 1 za vigawo vyote viwili tuone ndani kuna nini:

193,707,720 = 2^3 × 3^3 × 5 × 67 × 2677
761,838,257,286 = 2 × 3^2 × 29 × 67 × 2551 × 8539

Jibu lipo wazi. Tasa kubwa ya kwanza ni 2677, ya pili ni 8539. Kikomo cha 10,000 kinawameza wote wawili ndo maana wanatoka wameshikana. Ukiweka B = 3,000 wa kwanza anadondoka na wa pili anabaki, na ndivyo ilivyokuwa, 193,707,721 kwa kufumba na kufumbua. Kama hujui vigawo (na kwa kawaida hujui) usisubiri mwisho kutafuta KKS, itafute kila baada ya hatua 100 hivi, wa kwanza akitoka unamkamata kabla mwenzie hajafika.

Pia nimejaribu njia nyingine ya Pollard, ya 1975, inayorukaruka bila mpangilio mpaka baki zigongane. Inatarajiwa hatua zenye ukubwa kama wa kipeuo cha pili cha kigawo, hapa ni kama 14,000. Ilifanya kazi mara ya kwanza, sina la kuandika.

Jumapili 2 Machi: hesabu ya gharama, na inayofuata

Jumla: kaunta buku 3,500, kalamu 600, bando mara mbili 4,000, betri 15,000. Sh. 23,100. Bila ile Jumapili ya tarehe 26 Januari ingekuwa 8,100, kwahiyo ukirudia kazi hii ruka hatua hiyo.

Dogo hataki kuishia hapa, anataka namba moja ivunjwe kwa kalamu tu, bila simu kabisa. Tumechagua 2^71 − 1, yani 2,361,183,241,434,822,606,847, ni kubwa kuliko ya kwanza mara 16. Vigawo vyake lazima viwe 142k + 1, geti la 8 ni lilelile. Mi nimeshachungulia jibu kwa simu ili nijue kama inawezekana, na inawezekana: kigawo kidogo kabisa kipo k = 1609, na kabla ya kukifikia kuna wagombea 804 tu, wengi wataanguka kwa 3, 5, 7 na 11 bila kupimwa. 1609 ni ileile niliyoiandika kwa kalamu nyekundu mwezi uliopita, safari hii imekuja kama k. Dogo sijamwambia.

Tumeanza leo saa kumi jioni. Mgombea tasa wa kwanza ni 569. Tunapima kwa kurudufu: 2^10 inabaki −114, 2^20 inabaki −91, 2^40 inabaki 315, zidisha zote tatu unapata 2^70 inabaki 43, mara 2 ni 86. Sio 1, kaanguka. Kila namba tunaipima mara mbili, yeye ukurasa wa kushoto mi wa kulia, tukitofautiana tunarudia. Mpaka giza linaingia tumefika k = 24, wagombea 12, tasa ni wanne tu: 569, 1279, 1847 na 2273. Wote wameanguka. Jumapili ijayo tunaanzia k = 25.